Jibu la Kweli Ndilo Tangazo: Namna ya Kuendesha Biashara Ndogo ya Masoko ya Mtandaoni

Mada iliyowasilishwa katika ofisi ya kata mbele ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyojiandaa kuomba mkopo wa halmashauri. Mtoa mada anaendesha biashara ndogo ya masoko ya mtandaoni wilayani.



Nimeombwa kuzungumza juu ya kazi ya kuwatafutia watu wateja kwa njia ya mtandao. Nimeelezwa kwamba miongoni mwa maandiko ya miradi yaliyopokelewa yapo ya vijana wanaotaka kuifanya kazi hiyo. Yapo pia ya washonaji, wafugaji na maseremala waliotenga fungu la "matangazo ya mtandaoni" bila kueleza litatumikaje. Wote hao wanaomba fedha zinazotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Fedha iliyotupwa katika tangazo lisiloleta mnunuzi haitarudi, na isiporudi, kikundi kilichokuwa kikisubiri zamu yake kitaendelea kusubiri. Kwa sababu hiyo nitasema mambo ya kazi, kama tunavyoyafanya sisi watu watatu katika chumba chetu kimoja, ili anayetaka kuanza ajue anaanza nini, na anayetaka kulipa ajue analipia nini.

Kizuri chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo wafanyabiashara wanaoutumia msemo huo kukataa matangazo kabisa. Kwenye gulio msemo huo una ukweli mwingi. Mnunuzi hutia mkono ndani ya gunia, akanusa mchele, akauma punje moja, akakata shauri. Mchele mzuri umejiuza wenyewe kwa kuwa mkono, pua na jino vimeshuhudia.

Mtandaoni mikono hiyo haipo. Mtu aliye mkoa mwingine anaiona picha tu, na picha ameshadanganywa nayo mara nyingi. Kwa hiyo huuliza maswali. Bei gani? Mko wapi? Mnatuma mkoani, na nauli ya mzigo analipa nani? Nikilipa kwanza nisipoletewa, nitamshika nani? Nani mwingine ameshanunua kwenu? Maswali hayo ndiyo mkono wake unaoingia katika gunia. Atakayeyajibu waziwazi, kwa utaratibu na bila kuchoka, ndiye atakayeuza. Kazi yetu, ikiondolewa mapambo yote, ni hiyo ya kukusanya maswali ya mnunuzi, kuyatafutia majibu ya kweli kwa mwenye bidhaa, na kuyaweka mahali ambapo mnunuzi atayakuta.

Nasema hivyo kwa sababu wengi hudhani kazi hii ni kupiga kelele. Wanahesabu wafuasi na laiki. Wapo hata wauzaji wa wafuasi, wanaokuahidi watu elfu kadhaa kwa siku moja. Ndugu zangu, mfuasi wa kununuliwa hanunui kuku wala kitenge. Aghalabu si mtu kabisa, ni akaunti tupu. Kijana atakayeandika katika andiko lake kwamba atauza wafuasi, kamati na imwombe aandike upya.

Suala la bei

Ipo desturi iliyoota mizizi katika biashara zetu za mtandaoni: picha nzuri, maneno matamu, na mwisho, "bei njoo inboksi". Ukiwauliza wenye desturi hiyo, hutoa sababu mbili. Ya kwanza, mshindani ataiona bei. Ya pili, mnunuzi akiiona atakimbia.

Sababu ya kwanza haina uzito. Mshindani anayetaka kuijua bei yako humtuma mtoto wa jirani aulize, na jioni hiyohiyo anayo. Ya pili nayo, ukiipima, inakugeukia. Mnunuzi anayekimbizwa na bei atakimbia vilevile baada ya mazungumzo ya nusu saa, ila sasa amekula muda wako na bando lako. Yule aliye na fedha lakini hana subira, ambaye ndiye ulikuwa ukimtafuta, amekwisha kwenda kwa mwingine aliyeandika bei.

Seremala ataniambia kwamba bei ya mlango haiwezi kutajwa kabla ya kujua mteja anataka nini. Ni kweli. Lakini anaweza kueleza kinachoipandisha na kinachoishusha: kwamba mbao ya mninga si sawa na ya msonobari, kwamba upana wa fremu, aina ya kitasa na umbali wa kusafirisha vinabadilisha hesabu, na kwamba milango aliyotengeneza mwaka huu ilianzia kiasi fulani ikaishia kiasi fulani. Mteja akisoma hayo hufika kwa seremala akiwa ameshajua nusu ya mazungumzo, wala hahisi ameviziwa.

Jambo hili limejaribiwa mbali na hapa. Mwishoni mwa mwaka 2008, uchumi wa Marekani ulipoanguka, kampuni ndogo ya jimbo la Virginia iitwayo River Pools and Spas, iliyokuwa ikijenga mabwawa ya kuogelea, ilikaribia kufungwa. Mmoja wa wenyewe, Marcus Sheridan, alianza kuandika katika tovuti ya kampuni majibu ya kila swali ambalo wateja walikuwa wakimuuliza, pamoja na lile ambalo wenzake katika biashara hiyo walilikwepa: bwawa linagharimu kiasi gani. Hakuweza kutaja bei moja, ila alieleza ni nini kinachoibadilisha. Watu waliokuwa wakitafuta jibu hilo mtandaoni walilikuta kwake, wakamwita. Kampuni ilisimama tena, na baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu wa njia hiyo kwa wafanyabiashara wengine.

Wala wazo hilo si la intaneti. Kampuni ya zana za kilimo ya John Deere ilianza kuchapisha jarida la wakulima liitwalo The Furrow mwaka 1895. Jarida hilo liliwafundisha wakulima namna ya kulima vizuri zaidi, na mkulima aliyefundishwa alilikumbuka jina la aliyemfundisha siku alipotaka kununua jembe. Maarifa yametangulia, biashara ikafuata.

Kuandika makala za biashara

Kampuni yetu ndogo ina tovuti, na ndani yake tunaandika makala za wateja wetu na zetu wenyewe. Nitaeleza kanuni tunazozifuata, kwa kuwa hazihitaji elimu kubwa.

Kila makala hujibu swali moja tu, na swali hilo ndilo kichwa chake, kwa maneno yaleyale ya mteja. Mteja haulizi juu ya "ubora wa bidhaa za nguo". Huuliza kama batiki hii itachuja rangi ikifuliwa. Basi kichwa ni hicho. Jibu huja katika sentensi ya kwanza, na maelezo hufuata. Picha ni za kwetu, tulizopiga wenyewe mbele ya bidhaa yenyewe. Kuchukua picha ya mtu mwingine bila ruhusa ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na zaidi ya hapo ni kumdanganya mnunuzi. Kila bei huandikiwa tarehe, ili msomaji wa mwezi wa sita asishikilie bei ya mwezi wa kwanza. Na makala moja nzuri kila juma ni bora kuliko kumi katika juma la uzinduzi na ukimya wa miezi mitatu.

Kanuni ya mwisho ndiyo ngumu: hatuandiki tusichokiona. Chukueni mfano wa mfugaji anayeuza vifaranga. Anataka iandikwe kwamba vifaranga vyake vimechanjwa. Kabla ya kuandika tunaomba kuona kumbukumbu za chanjo, kwa maana mnunuzi akilisadiki neno hilo hatachanja yeye, na mdondo ukiingia bandani utamaliza kundi zima. Huyo mnunuzi yamkini naye amekopa. Sentensi moja ya uongo katika tangazo inaweza kuwa ndiyo iliyomfilisi. Kama kumbukumbu hazipo, tunaandika ukweli mwingine ambao nao unauza: vifaranga ni vya siku kadhaa, bado havijachanjwa, na ratiba ya chanjo ataipata mnunuzi kwa afisa mifugo wa kata. Mfugaji asiyekubali maneno hayo tunaachana naye kwa heshima. Biashara yetu haina ghala wala mashine. Mtaji wake ni kusadikiwa, na mtaji huo ukishaliwa hakuna mkopo wa kuurudisha.

Ufunguo ushikwe na mwenye nyumba

Sasa naomba wenye kulipa mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopotezea biashara zao. Mfanyabiashara humwajiri kijana amfungulie ukurasa. Kijana huufungua kwa namba yake mwenyewe ya simu, kwa barua pepe yake na nywila yake. Mwaka unapita, ukurasa unajulikana, kisha wawili hao wanakosana au kijana anahamia mjini. Mfanyabiashara anabaki na duka, lakini mlango wa duka umeondoka na mtu.

Kwa hiyo namba ya simu ya biashara iwe ya mwenye biashara, imesajiliwa kwa jina lake. Anwani ya tovuti, kama ile inayoishia na .co.tz, isajiliwe kwa jina lake, na tarehe ya kuilipia tena kila mwaka iandikwe ukutani. Yeye ndiye awe msimamizi mkuu wa ukurasa, na mtoa huduma apewe nafasi ya kufanyia kazi tu, inayoweza kuondolewa siku mkataba unapokwisha. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Namba ya tarakimu 6 inayotumwa na WhatsApp wakati wa kusajili simu asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka kampuni ya simu. Mkataba wenyewe uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: kazi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na nani anabaki na nini mwisho wake.

Hata hivyo, ukurasa ulio katika mtandao wa kijamii si mali yako kamili. Umepangishwa bure, na mwenye nyumba ndiye anayeamua tangazo lako lionwe na nani. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Kwa saa zetu ilikuwa tangu jioni hadi usiku wa manane. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hizo mfanyabiashara mwenye daftari la wateja aliweza kupiga simu za kawaida na kuendelea na mauzo. Asiye na daftari alingoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza daftari la wateja: jina, namba, alichonunua na siku aliyonunua. Mwombe kila mteja aihifadhi namba yako katika simu yake, kwa sababu ujumbe unaotumwa kwa orodha ya utangazaji ya WhatsApp humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji. Wapo watu wanaotuma matangazo kila siku na kushangaa kimya kinachofuata; huenda ujumbe haujafika kabisa.

Lakini daftari hilo lina wajibu wake. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayowasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Namba ya mteja ilitolewa ili aletewe mzigo wake. Usiiuze, usimpe mfanyabiashara mwingine, wala usiitumie kwa jambo ambalo mwenyewe hakuliridhia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa ujumbe usioombwa. Mteja akisema "basi, msinitumie tena", jina lake lifutwe siku hiyohiyo.

Hesabu ya tangazo

Tangazo la kulipia lina nafasi yake, ila lipimwe kwa wanunuzi. Tuchukue mfano. Mshonaji amelipia tangazo kwa shilingi 30,000. Watu 12 wameuliza, 3 wamenunua, na kila mnunuzi amemwachia faida ya shilingi 8,000. Faida yote ni shilingi 24,000. Amepoteza shilingi 6,000, ingawa tangazo lilionwa na maelfu na simu ililia mchana kutwa. Lakini endapo mmoja tu wa wale watatu atarudi na kununua tena, hesabu inageuka kuwa faida ya shilingi 2,000. Mnaona basi kwamba tangazo lilileta mteja hadi mlangoni, na huduma ndiyo iliyoamua kama fedha ilipotea au ilizaa.

Hesabu hiyo haiwezekani bila kumuuliza kila mnunuzi swali moja: "Umetufahamu wapi?" Jibu liandikwe mbele ya jina lake. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lenyewe ni wangapi walitoka katika tangazo, wangapi walisoma makala, na wangapi walielekezwa na jirani.

Kwa vijana mnaotaka kutoa huduma hii, toza malipo ya mwezi kwa kazi inayoweza kuhesabiwa: makala nne, picha za bidhaa, kujibu maswali kwa saa mlizokubaliana, na taarifa ya mwisho wa mwezi yenye idadi ya walionunua. Fedha ya matangazo ya kulipia itengwe mbali na ujira wako, na mteja aone risiti yake. Anzeni na wateja wachache mnaoweza kuwahudumia. Mtu mmoja akiahidi kazi ya biashara ishirini, maswali ya wanunuzi yatakaa siku mbili bila jibu, na mnunuzi wa mtandaoni hangoji siku mbili.

Kujisajili na kuanza

Biashara hii ni biashara kama nyingine. Jina lake husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo. Anayekudai fedha kwa ajili hiyo anakuibia. Leseni ya biashara ya kundi B hutolewa na halmashauri yetu, na maombi hufanywa kupitia mfumo wa TAUSI. Asiyeweza kuutumia mfumo huo afike kwa afisa biashara akiwa na kitambulisho cha taifa.

Kwa mwenye bidhaa asiye na fedha ya kumlipa mtu, zipo njia za kuanzia. WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei zake. Google nayo humruhusu mfanyabiashara kuliweka duka lake katika ramani bila malipo, ili mtu anayetafuta seremala aliye jirani alione. Atakachohitaji zaidi ni saa moja kila siku ya kujibu maswali.

Ndugu wananchi, ninalo ombi moja kwa kila kikundi kilichopo hapa. Kabla ya kulirudisha andiko la mradi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kaeni pamoja muandike maswali kumi ambayo wanunuzi wenu huwauliza mara kwa mara, na chini ya kila swali muandike jibu mnaloweza kulisimamia mbele ya mnunuzi yeyote. Mkiyakamilisha yote kumi, makala zenu za kwanza ziko tayari, na fungu la matangazo mtajua mlipeleke wapi. Mkikwama katika swali la tatu, rekebisheni kwanza bidhaa au bei, kisha ndipo mtangaze. Orodha hiyo iambatishwe na andiko, ili kamati iisome kabla ya kuidhinisha hata shilingi moja.